Fungeni Programu Kama Mfungavyo Sanduku la Shule

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa Kiswahili wa gazeti letu, nipate kusema na wadogo zangu wanaojifunza kompyuta, na pia na wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni. Nina neno lililonikaa moyoni kwa miaka kadhaa, na ijapokuwa litanitia aibu kidogo, nadhani faida yake itaizidi aibu yangu. Neno lenyewe ni hili: programu ifanyayo kazi kwenye mashine ya aliyeiandika, lakini ikakataa kwenye mashine ya mwingine, haijakwisha. Na kosa si la mashine ya huyo mwingine. Kosa ni la mwandishi aliyeifunga vibaya.

Najua wengi watanipinga. Nimewasikia vijana wakisema, "Mbona kwangu inakwenda?" Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku niliyofundishwa adabu. Basi nitaanza na kisa changu.

Mwezi wa Desemba 2019 shule moja ya upande wa mashariki wa Uganda iliniomba niwatengenezee programu ya kuandika ripoti za mwisho wa mwaka. Kazi yake ilikuwa ndogo: kusoma alama zilizoandikwa na walimu, kuzijumlisha, kuzipanga, na kupiga chapa karatasi moja kwa kila mwanafunzi. Niliiandika nyumbani kwangu Kampala, kwenye kompyuta yangu ya Linux, kwa lugha ya Python. Ilikwenda kama maji. Nikainakili kwenye flashi, nikapanda basi, nikavuka Jinja nikiwa na furaha kama mtu apelekaye mahari.

Nilipofika nikaiweka kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo nayo ilikuwa ya Linux. Ikakataa. Kwanza ililalamika kwamba haioni maktaba fulani ya kutengenezea karatasi. Kwa wale wasiojua, maktaba katika mambo ya kompyuta si nyumba ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambayo programu nyingi huiazima badala ya kuiandika upya. Maktaba ile nilikuwa nimeiweka kwa mkono katika folda yangu mwenyewe miezi mingi nyuma, nami nilikuwa nimekwisha kusahau. Nikaitafuta kwa intaneti ya simu yangu, nikaiweka.

Programu ikalalamika tena. Safari hii ilisema haijui folda ya alama iko wapi. Nikakumbuka kwamba kwangu nilikuwa nimeandika mahali pa folda ile katika faili moja ndogo, ambayo husomwa kila nifunguapo dirisha la amri. Basi nikafungua dirisha la amri pale ofisini, nikaandika mstari mmoja wa kuionyesha programu folda ilipo, nikaianzisha kutoka dirisha lile lile. Ikafanya kazi. Makarani wakapiga makofi. Nikanywa chai yao, nikarudi Kampala kwa basi la jioni.

Usiku ule umeme ulikatika. Asubuhi karani akaiwasha kompyuta, akabofya picha ya programu, nayo haikufunguka. Nayo ndiyo siku ya kufunga shule, wazazi wamejaa uwanjani, na mimi niko mbali. Waliponipata kwa simu ilikuwa adhuhuri. Walimu walikuwa wamekwisha kuanza kuandika ripoti kwa mkono, na wengi waliondoka bila kupata. Mmoja wao alikuwa mzee aliyetoka mbali, aliyeitaka ripoti ya mjukuu wake aipeleke kwa watu wanaomsaidia karo. Alirudi juma lililofuata kwa nauli ya kukopa. Mimi nilikuwapo siku ile, maana nilikuwa nimekwenda kuitengeneza programu yangu. Nilipomwomba radhi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani mashine ilikuwa ikikungoja wewe?"

Swali lile ndilo asili ya barua hii. Mashine ilikuwa ikiningoja mimi kweli.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Katika Linux, kila programu inapoanza hukabidhiwa kama kikaratasi chenye majina, na kila jina lina maana yake. Desturi hii ni ya zamani: ilikuwamo katika Unix ya mwaka 1979, na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, iliirithi. Jina PATH laonyesha mahali pa kuzitafutia amri. HOME laonyesha folda ya mwenyewe. LANG laonyesha lugha anayoitaka. Haya ndiyo vigeu vya mazingira, maana hugeuka kwa kila mtu na kila mahali.

Sasa sikilizeni vizuri. Programu huipata nakala ya kikaratasi hicho kwa programu iliyoizaa. Mtoto hurithi kwa mzazi, lakini mzazi harithi kwa mtoto, wala jirani harithi kwa jirani. Mstari nilioandika ofisini ulijulikana na dirisha lile tu, pamoja na programu zilizozaliwa humo. Umeme ulipokatika dirisha likafa, na mstari ukafa nalo. Ile picha aliyoibofya karani asubuhi haikuzaliwa na dirisha langu, kwa hiyo haikurithi kitu. Hakuna uchawi hapo. Ni urithi uliokosa mrithi.

Wadogo zangu, nyote mwajua orodha inayotoka kwa mkuu wa shule kabla ya muhula: godoro, shuka mbili, blanketi, sahani, kikombe, ndoo, fagio, karatasi za kuandikia. Mama huishika orodha mkononi, akapanga vitu katika sanduku la bati kimoja kimoja. Kwa nini orodha ile iliandikwa? Kwa sababu nyumbani hakuna anayeuliza kikombe kiko wapi. Nyumbani chumvi iko pale pale ilipokuwa siku zote, na taa yaning'inia penye msumari wake. Mtoto aliyezoea kwao hudhani dunia nzima ina msumari ule. Akifika bwenini bila taa ndipo ajuapo kwamba msumari ulikuwa wa baba yake.

Programu ni mtoto wa namna hiyo. Imezaliwa katika nyumba ya mwandishi, imezoea vitu vya mwandishi, na yeye mwandishi havioni tena kwa kuwa amevizoea. Kufunga programu ni kuviona upya vitu hivyo, kuviandika, na kuamua kipi kitabebwa, kipi kitapatikana huko iendako, na kipi hakihitajiki hata kidogo.

Wenzetu waliotutangulia waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, ambayo ni mkusanyo wa Linux pamoja na maelfu ya programu zilizofungwa kwa sheria moja. Kitabu cha sheria zao kinakataza programu kutegemea vigeu vya mazingira ili ipate kuanza vizuri. Programu ikikuta kikaratasi ni kitupu, sharti iwe na maana yake yenyewe ya kuanzia. Na kama haiwezekani kuibadili kwa urahisi, mfungaji atatanguliza programu ndogo mlangoni: itatazama kama mwenyewe amekwisha kusema atakalo, ikiona hakusema, itajaza jibu la kawaida, kisha itaiita programu kubwa.

Tazameni busara iliyomo. Sheria haisemi vigeu ni vibaya. Mtu akitaka folda nyingine, na aseme kwa kigeu, asikizwe. Lakini asiposema kitu, programu isianguke. Kigeu kiwe haki ya mtumiaji kuchagua, kisiwe kodi anayotozwa mlangoni. Programu yangu ya ripoti ilikuwa ikitoza kodi ambayo karani hakuambiwa habari zake.

Nilipoitengeneza upya nilifanya mambo mawili. Alama niliziweka katika /var/lib, mahali ambapo kwa desturi ya Linux programu huweka vitu vyake vinavyobadilika, na jina la shule na mipango mingine nikaiandika katika faili moja chini ya /etc, ambapo mtunzaji ye yote wa mashine ataitafuta kwanza. Tangu hapo programu haikuuliza tena habari za nyumbani kwangu.

Hayo ni ya vigeu. Sasa nije kwenye mategemeo, yaani zile maktaba na programu nyingine ambazo yako haiwezi kusimama bila hizo. Katika furushi la Debian mna faili ya maelezo, na humo mna mstari wa kuyataja mategemeo yote kwa majina, hata na namba za matoleo yakihitajika. Tena huyapanga kwa daraja: yaliyo lazima, yanayopendekezwa, na yanayofaa tu kama yapo. Mtu akitaka kuweka furushi, mashine yenyewe husoma orodha, ikaleta kila kinachokosekana. Kama ningalifanya hivyo mwaka 2019, maktaba yangu iliyosahauliwa ingalitajwa, na ingalifika ofisini pamoja na programu.

Lakini wapo wasemao, "Orodha za nini? Mimi nabeba vyote." Hawa hutia programu na maktaba zake zote katika furushi moja kubwa, liende popote lisiombe kitu kwa mtu. Siwacheki, maana wana hoja. Huku kwetu shule nyingi intaneti ni haba au ni ghali, na furushi lililojitosheleza ni faraja kweli. Tena pengine maktaba unayoitaka haimo katika Linux ya shule, au imo ya zamani mno. Hapo kubeba ni halali.

Lakini hebu tutazame gharama yake. Mwezi wa Aprili 2014 lilitangazwa kosa kubwa katika OpenSSL, maktaba inayolinda siri za mawasiliano, kosa lililopewa jina la Heartbleed. Mashine ambazo programu zake zote ziliazima OpenSSL moja ya pamoja zilipona kwa kubadili furushi lile moja na kuziwasha upya programu hizo. Mwezi wa Desemba 2021 likatangazwa kosa jingine kubwa katika Log4j, maktaba ya lugha ya Java ya kuandikia kumbukumbu. Hiyo ilikuwa imebebwa ndani ya programu nyingi mno, pengine furushi ndani ya furushi, hata wenye mashine wengi hawakujua kama wanayo au hawana. Ilibidi wapekue programu moja moja. Ndiyo bei ya sanduku lisilo na orodha: siku mwalimu akisema kuna panya bwenini, hujui aanze kupekua wapi.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Hata hayo mategemeo yenu ya pamoja yameleta mwizi." Ni kweli, wala sitaficha. Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umetiwa katika maktaba ya XZ, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ajabu ni kwamba SSH yenyewe haihitaji XZ. Wafungaji wa Debian na wengine waliiongezea SSH kazi ndogo ya kusema na systemd, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoitegemea XZ. Mwizi akapita kwa rafiki wa rafiki. Tena alikuwa mjanja katika mambo ya vigeu: msimbo wake ulichungulia kikaratasi cha mazingira, na ukikuta jina TERM limo, dalili ya kwamba yupo mtu mbele ya dirisha la amri, ulikaa kimya.

Je, kisa hiki chaivunja hoja yangu? Mimi naona chaitia nguvu. Kwanza, chatufundisha kwamba orodha ndefu si sifa. Kila jina unaloliandika katika mategemeo ni mgeni uliyemfungulia mlango, naye ana wageni wake. Usiandike usichokihitaji. Pili, kwa kuwa majina na matoleo yalikuwa yameandikwa wazi, watu waliweza kuiuliza mashine yao swali moja tu, "Una XZ toleo gani?" na kupata jibu pale pale. Ndivyo Debian ilivyoweza kusema kwamba toleo lake imara halikuguswa, na kuirudisha nyuma maktaba ile katika matoleo yake ya majaribio. Mwizi aliingia kwa mlango, lakini alikamatwa kwa sababu mlango ulikuwa na daftari.

Na kuhusu intaneti iliyo haba, dawa ipo. Waweza kuchukua furushi lako na mafurushi ya mategemeo yake yote, kila moja peke yake na kwa jina lake, ukayatia katika flashi moja na kuyaweka shuleni bila intaneti. Umebeba vyote kama wale wabebaji wengine, lakini hukuficha kitu. Siku kosa likipatikana katika maktaba moja, utabadili hiyo moja.

Sasa mtu ataniuliza, "Nitajuaje kwamba orodha yangu imetimia, ikiwa vitu nilivyovizoea sivioni?" Swali jema, na jibu lake si kufikiri sana. Jibu ni kuondoka nyumbani. Katika Debian kuna zana ziitwazo sbuild na pbuilder, ambazo hujenga furushi katika chumba kitupu, chenye vitu vya msingi tu na vile ulivyovitaja. Ulichokisahau kitajitangaza chenyewe, maana ujenzi utaanguka. Wale wa Nix wamekwenda mbele zaidi. Nix ni kazi iliyoelezwa na Eelco Dolstra katika tasnifu yake ya chuo kikuu cha Utrecht mwaka 2006. Huko programu inapojengwa hunyang'anywa vigeu vyote vya nyumbani. HOME huandikwa folda isiyokuwapo, iitwayo kwa Kiingereza makazi ya wasio na kwao. Nilicheka nilipoliona jina lile mara ya kwanza. Kisha nikamkumbuka yule mzee, nikaacha kucheka.

Najua ubishi wa mwisho, nao ni wa wakati. Vijana watasema, "Programu ni ya kazi ndogo ya shule, kufunga kwachukua siku mbili kuliko kuandika." Ni kweli, kwachukua. Mimi kulinichukua siku tatu nilipojifunza. Lakini hesabuni vizuri. Siku zile tatu nilizojiokolea hazikupotea hewani. Walizilipa walimu walioandika kwa mkono mpaka magharibi, na wazazi waliorudi mikono mitupu, na mzee aliyekopa nauli. Kazi ya kufunga haikwepeki. Usipoifanya wewe unayejua, ataifanya asiyejua, tena siku mbaya.

Basi nina shauri moja kwa chama cha kompyuta cha shule yetu, na nawaomba wasomaji walijadili katika toleo lijalo. Pasipokewe programu ye yote kwa kazi ya ofisi, ya maktaba ya vitabu au ya zahanati ya shule, mpaka iwekwe na mwanafunzi mwingine asiyekuwapo ilipoandikwa, kwenye mashine iliyosafishwa, akiwa na furushi na karatasi ya maelezo tu. Mwandishi na asimame kando, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Ikifaulu, izimwe mashine kabisa, iwashwe tena, na ijaribiwe mara ya pili, kwa kubofya picha yake kama karani abofyavyo. Mwandishi akifungua mdomo kusema, "Ngoja kidogo, kuna kitu nimesahau," programu irudi kwake. Wala asione haya, maana heri kusahau mbele ya wenzako kuliko mbele ya wazazi mia mbili.

Ile programu ya ripoti ingali ikitumika, na sijaulizwa habari zake tangu mwaka 2020. Karani niliyemwachia amekwisha kuhamishwa, wala wa sasa simjui, naye hanijui.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani